Walichosema Watu wa Msangani

Palma, msimu wa korosho

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpe mama, maana najua barua hii utaisoma kwa sauti naye yuko hapo kando anachagua mchele. Mimi ni mzima. Homa iliyonilaza wakati wa mvua haijarudi, na chakula kinapita. Habari za macho yako alinipa mdogo wangu Hamisi kwa simu, lakini mtandao ulikatika kabla hajafika kwenye jicho la kushoto. Kwa hiyo la kulia najua limepona, la kushoto sijui. Uniambie. Na mguu wa mama uniambie pia, bila kunificha, kwa sababu yeye nikimuuliza hujibu kuwa hajambo hata akiwa ameulaza juu ya mto.

Barua hii ninampa mama mmoja anayeuza dagaa, anavuka mto pale Namoto kila mara. Akifika Mtwara ataipeleka posta.

Hamisi anasema watu msikitini wanakuuliza binti yako anasomea nini huko Msumbiji, nawe unajibu "maneno", halafu wanacheka. Usione haya kuwajibu, baba. Waambie ninasoma isimu, shahada ya uzamili, na kazi niliyoifuata huku ni kuchunguza namna watu wa pwani hii wanavyokubali na wanavyokataa. Si jambo la ajabu. Kwetu Pangani mtu akikualika mahali usipotaka kwenda husemi "siji", unasema "inshallah", na aliyekualika anajua asikupikie. Huku nako wana njia zao. Ninakaa nao, ninanasa mazungumzo kwa ruhusa yao, halafu nayaandika yote, hata pale mtu alipokohoa.

Palma ni mji mdogo uliojaa ghafla. Tangu gesi ilipoonekana huko baharini, kila mwenye ua amejenga chumba cha kupangisha, na kila mwenye chumba anamngoja mpangaji wa kampuni ya gesi. Bi Atija, mjane ninayekaa kwake, naye ameongeza vyumba uani. Saruji ya sakafu haijakauka lakini mapazia tayari yameshatundikwa. Vijana wanakuja kutoka Mute na hata mbali zaidi, vyeti vyao wamevitia kwenye mifuko ya plastiki visilowe, wanakaa ukutani kutwa wakingoja kuitwa. Wanaoitwa ni wachache. Mimi nikipita hunisalimu kwa Kireno, wakidhani nami nimetoka Maputo.

Kazi yangu kubwa, lakini, haikuwa mjini. Ilikuwa Msangani, kijiji kilichoko kwenye rasi, unakwenda kwa pikipiki katikati ya minazi mpaka mchanga unapokushinda, halafu unashuka na kutembea. Huko ndiko nilikowapata Sumail Bakari na dada yake Muanasha. Wanaishi pamoja katika ua aliowaachia baba yao. Sumail alifiwa na mkewe, anatunza minazi na kuadhini. Muanasha aliachika zamani, akarudi nyumbani. Bahari ikipwa huenda kuokota kombe, huzichemsha na kuzikausha kwa ajili ya kuuza. Wote wawili wana umri wa mama. Kwa mtu wa kazi yangu walikuwa neema, kwa sababu wanabishana tangu asubuhi, na wanabishana vizuri. Wanabishana chumvi ya mchuzi, wanabishana nani alizaliwa mwaka wa njaa. Hata siku moja sikuwasikia wakitukanana.

Jambo moja Muanasha alinieleza bila kuulizwa, nami nikazima kinasa sauti. Binti yake alishikwa na uchungu wa uzazi wakati wa mvua, wakambeba kumpeleka hospitali ya Palma, akafia njiani, yeye na mtoto. Alimaliza kusema akaendelea kutoa nyama ya kombe kwenye maganda. Sijui kama aliliongelea tena kwa mtu.

Sasa nikueleze lililotokea, kwa sababu ndilo lililonifanya nikae kimya muda wote huu, na kwa sababu wewe umefanya kazi ya ukalimani mahakamani na utaliona kwa jicho ambalo mimi sina.

Msangani iko mahali ambapo kampuni inataka kujenga. Kijiji chote kinatakiwa kihame. Mkalimani waliyekuwa naye alitoka kusini, Kiswahili chake kilikuwa na Kimwani kingi, lugha ya huko kwao, wazee wakalalamika kuwa hawamwelewi sawasawa. Ndipo akanijia Dona Lurdes. Ni mama wa Maputo, ana miwani na sauti ya upole, kazi yake ni kuzungumza na vijiji kwa niaba ya kampuni. Si mtu mbaya. Nakwambia mapema, maana katika habari kama hii msikilizaji hutafuta mbaya. Aliniomba nifasiri mkutano mmoja tu. Kireno changu cha chuo kimenolewa na miezi ya sokoni. Nilifikiri: nani mwingine anawajua watu hawa kuliko mimi? Nikakubali.

Mkutano ulifanyika mbele ya eskola, yaani shule, chini ya turubai la kampuni. Viti vya plastiki walivikalia wanaume. Wanawake walikaa nyuma kwenye mikeka yao wenyewe. Dona Lurdes alieleza kwamba kijiji kitapelekwa ndani kidogo, kutakuwa na nyumba za matofali zenye bati, zahanati, mashamba mengine, na makaburi yatahamishwa kwa heshima kwa wale watakaopenda. Nilifasiri. Nilipofika kwenye makaburi, Sumail alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

Kisha wakajibu. Mkubwa wa kijiji alisimama akasema, "Wageni wetu, tumewasikia. Maneno yamefika."

Mzee mwingine akasema, "Tumesikia, tena tumesikia vizuri."

"Nami nimesikia," akasema Sumail.

Kutoka nyuma Muanasha akapaza sauti, "Hata sisi wa kwenye mikeka tumesikia, turubai halizuii maneno." Watu wakacheka.

Dona Lurdes akanigeukia. "Então, aceitaram?" Yaani, basi wamekubali?

"Wanasema wamesikia," nikamjibu.

"Wamesikia, halafu?"

"Wamesikia. Ndivyo walivyosema."

Akamtazama ofisa aliyekaa naye. Ofisa akainua mabega: "Hakuna aliyepinga." Basi Dona Lurdes akatabasamu, akasimama, akaniambia niwaambie kuwa kampuni inawashukuru kwa kukubali.

Hapo nilikukumbuka wewe. Ulikuwa ukituambia wakati wa kula kwamba mkalimani haongezi chumvi wala hapunguzi. Mtu akitukana, lifikishe tusi. Akisema uongo, ufikishe uongo wake. Nikawageukia watu, nikasema, "Dona anasema kampuni inawashukuru kwa kukubali."

Hakuna aliyejibu isipokuwa mkubwa wa kijiji. Alisema "Alhamdulillahi", neno ambalo mtu husema hata akiwa amefiwa. Soda zikagawiwa.

Ndani ya gari nilishindwa kunyamaza. "Dona," nikasema, "watu wale wamekataa."

"Wamekataa? Nani alisema hapana?"

"Hakuna. Lakini hapa mtu akikwambia amekusikia vizuri, hajakubali. Hilo ndilo ninalolisomea."

Tulikuwa tumefika kwenye barabara ngumu. "Mimi nahitaji maneno yao," akasema. "Mioyo yao siwezi kuipeleka ofisini. Wewe ulikuwa mkalimani au wakili?"

Nikashuka mjini, nikaenda zangu kwa Bi Atija.

Kesho yake nilikwenda Msangani. Salamu zilikuwa za baridi. Muanasha alikuwa uani, karai la kombe mbele yake, hakuniambia nikae.

"Profesora," akasema, maana ndivyo wanavyoniita, yaani mwalimu, "jana ulitukubalia."

"Sikuwakubalia, mama. Nilifasiri tu."

"Kinywa kilikuwa chako."

Nikakaa bila kukaribishwa. "Lakini mbona hamkusema hapana?" nikamuuliza. "Angesema hata mmoja wenu, ningelifikisha."

Akanitazama kama mtu anayetazama mzani wa mfanyabiashara asiyemjua. Kisha akageuza shingo kuona kama kaka yake yuko karibu. "Nani kakwambia mimi nilitaka kusema hapana?"

Nikasogea karibu naye.

"Mimi nataka kuhama," akasema kwa sauti ya chini. "Nataka zahanati ninayoweza kuifikia kwa miguu nikiwa nimembeba mtu. Haya makuti sina haja nayo. Kaka hataki. Hapa wamezikwa baba na mama na mkewe, na minazi ameipanda kwa mikono yake. Hawezi kutaka."

"Mmeshazungumza?"

"Tuzungumze nini? Lake nalijua, langu analijua. Tangu gari la kwanza lilipokuja tunajuana, na jioni tunakula sahani moja."

Kwa hiyo, baba, Dona Lurdes alikosea na mimi nilikosea. Yeye alisikia ndiyo, mimi nilisikia hapana, na wao walikuwa hawajajibu. Walikuwa wametuambia kwamba habari imefika nyumbani, na nyumbani haijaisha. Nilikwenda ofisini kwake nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwomba arudi, awaulize wanawake peke yao, na aulize ua kwa ua. Nilitegemea anifukuze. Alivua miwani akajisugua macho, akasema wakubwa wake hawatafurahi. Siku ya pili aliniletea jibu: tutarudi, lakini safari hii kila mtu atasema kwa neno moja, nakubali au sikubali, mbele ya wote, isije ikasemwa tena kwamba mkalimani ameota.

Nilifurahi. Hilo nalo nakwambia. Nilikuwa nimengoja muda mrefu kuwasikia watu wale wakisema neno moja.

Wanawake waliulizwa kwanza, ndani ya darasa. Wengi walikuwa upande wa kuhama, wengine la. Muanasha alisema "nakubali" upesi, kama mtu anayeteremsha mzigo. Halafu tukatoka nje, ofisa akataka watu wa ua mmoja wasimame pamoja na waseme. Mimi nilitafsiri agizo hilo. Sikufikiri.

Ulipofika ua wa Bakari, Sumail na dada yake walisimama.

"Nakubali," akasema Muanasha, akitazama chini.

Sumail alimgeukia. Alikuwa analijua neno hilo tangu zamani, lakini kulijua na kulisikia mbele za watu si kitu kimoja. "Mimi sikubali," akasema. "Na sikujua kama nyumba ya baba yangu ina wenyewe wawili."

Muanasha akainua uso. "Mwanangu hakufia katika nyumba ya baba yako. Alifia njiani."

Watoto waliokuwa wakigombania vifuniko vya soda waligeuka kutazama.

"Wanasema nini?" akauliza Dona Lurdes. "Profesora, wanasema nini?"

Nikamfasiria yote, neno kwa neno. Nilipomaliza, hakuniambia niwajibu lolote. Aliangalia mikono yake, kisha akamwambia ofisa aite ua unaofuata.

Kijiji kwa jumla kimekubali, kwa masharti yao: makaburi, njia ya kufika pwani kuokota kombe, na zahanati ijengwe kabla ya nyumba. Hawajahama bado. Watu wanaendelea kupanda mihogo kama kawaida. Ila siku chache baada ya mkutano ule Sumail alifunga virago, akaenda Mute, kwenye shamba la wakwe zake. Hakumuaga dada yake. Katika Msangani kuna nyua nyingine mbili zilizogawanyika namna hiyo, lakini hizo sizijui vizuri.

Mazungumzo yale yote ya mkutano nilikuwa nimeyanasa. Niliyaandika, nikampelekea msimamizi wangu chuoni sehemu ndogo, bila majina. Alinijibu kwa furaha kwamba utafiti mzima hauna kipande kinachokifikia kile, na niijenge tasnifu juu yake. Ana haki ya kusema hivyo. Ni kweli. Dona Lurdes naye alikuja kwa Bi Atija na pendekezo la kazi ya kudumu kwenye kampuni, ukalimani wa vijiji vyote vya rasi. Nilimjibu kwa heshima kwamba siwezi. Bi Atija hakunisemesha siku mbili. Chumba cha saruji alikuwa ameshaniwekea mimi, niwe mpangaji wake wa kampuni.

Kanuni ya kazi yetu inataka ruhusa ya msemaji. Muanasha alinipa ruhusa yake pale pale. "Sauti yangu ichukue, haina kazi nyingine." Ilibaki ya Sumail, ikanibidi niende Mute. Muanasha alipojua nakwenda, alinifuata mpaka ninapopandia pikipiki.

"Wewe unayebeba maneno," akasema, "nibebee na yangu. Mwambie ua ni mkubwa. Mwambie hakuna wa kubishana naye, hata chumvi naitia sawa."

Nilimkuta Sumail shambani, anapalilia mihogo. Alikuwa amekonda. Alinikaribisha vizuri, akanipa maji, akauliza habari za mjini na za Bi Atija, za dada yake hakuuliza. Nikaanza na langu. Nikamweleza kuhusu sauti yake, kwamba ningependa kuandika juu yake, jina lake halitatajwa, chuo kizima kitajifunza.

"Hapana," akasema.

Baba, katika miezi yote hii niliyokaa na watu hawa nikitafuta namna wanavyokataa, ndiyo "hapana" ya kwanza niliyopewa mimi mwenyewe. Haikuwa na inshallah wala tutaona. Aliisema bila hasira akaendelea kupalilia.

"Nitaifuta," nikamwambia.

"Ifute."

Nikaifuta mbele yake, ya kwenye kinasa sauti. Iliyobaki niliifuta nilipofika Palma. Kisha nikamfikishia ujumbe wa dada yake kama nilivyopewa, mpaka na ile chumvi.

Aliegemea jembe. "Amesema hivyo?"

"Neno kwa neno."

"Akisema, sauti yake ilikuwaje?"

Sikuwa nimeinasa. "Ya chini," nikasema.

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Sikiliza, Profesora. Yule Dona ni mgeni, anahitaji mkalimani. Mimi na Muanasha tumenyonya ziwa moja. Mwambie kwamba sizungumzi na dada yangu kwa mkalimani. Kwani yeye ni Mreno?"

Nililichukua kama lilivyo. Njia nzima ya kurudi nililiona ni mlango uliofungwa, na nikawa natafuta namna ya kulilainisha, jambo ambalo wewe ungenikataza. Mwisho nililisema lilivyo, nikiwa bado nimesimama uani na vumbi langu. Nilimwambia, "Anasema hazungumzi nawe kwa mkalimani. Anauliza, kwani wewe ni Mreno?" Nikajiandaa kumpa pole.

Muanasha alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaanza kujifunga upya kapulana, ndivyo wanavyoita leso huku, na kutafuta viatu. "Kumbe anataka niende mwenyewe! Angesema tangu mwanzo." Jioni ilikuwa imeshaingia, ikabidi nimzuie. Alfajiri yake alitembea mpaka barabarani, akapanda lori la saruji lililokuwa likirudi tupu, akakaa mbele na dereva, kapu la kombe kavu mapajani.

Walichosemezana Mute sikijui. Ijumaa iliyopita Sumail alikuja Msangani kusali, akala uani kwa dada yake, na magharibi akarudi shambani. Kama amekubali kuhama, au dada ndiye aliyegeuka, au wameamua kila mtu abaki na lake, hakuna aliyeniambia. Nilikuwepo wakati wanakula. Walikuwa wanabishana kama kombe zimeiva. Sikuuliza, na kinasa sauti nilikiacha kwa Bi Atija.

Kwa hiyo tasnifu inabidi niipange upya, bila kile kipande, na msimamizi wangu amekasirika kwa namna ya watu wa chuo, yaani ameandika mistari miwili tu. Kurudi kwangu kutachelewa. Ulikuwa umeniombea dua ya kumaliza mwaka huu. Sasa niombee ya mwakani. Na nieleze, ukipata nafasi: katika miaka yako yote pale mahakamani, ulipata kufikisha neno ukatamani lisifike?

Nisalimie mama. Nisalimie Hamisi na mkewe, na mtoto wao ambaye sijamwona ila kwenye picha. Wasimwache anisahau kabla hajanijua. Shangazi yangu mkubwa, dada yako, mpe shikamoo ya peke yake, na umwambie vile vitenge anavyovitaka nimeviona sokoni. Mwalimu wangu wa darasa la saba, jirani yetu, mwambie bado ninakosea herufi zile zile. Na wale wa msikitini wanaocheka, wasalimie pia.

Mwanao anayekuheshimu, aliyeko ng'ambo ya Ruvuma,

Mwanaidi